Mikono Mfukoni

"Mikono mfukoni!" Mama alimnyooshea Kimya kidole karibu kumtoboa pua. "Yote miwili. Nikiona hata ukucha nje, mchezo umekwisha na mlango unaujua."

Kimya, fundi redio wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, akatumbukiza mikono yake mirefu kwenye mifuko ya suruali bila kubisha. Jina hilo la Kimya alipewa na wateja, maana unaweza kumpelekea redio, ukamsimulia maisha yako yote, ukaondoka hujamsikia akisema zaidi ya "kesho kutwa."

"Na mdomo, mama?" Nyundo, binti yake, aliuliza.

"Mdomo ruhusa. Kwani tangu lini huyu anautumia?"

Shangazi, dada wa marehemu baba yake Nyundo, alikuwa pembeni anapiga pasi kitambaa cha meza ya wageni. Alicheka mpaka akaisahau pasi, akaja kushtuliwa na harufu ya kuungua.

Nyundo hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia nguo, ile ile ambayo yeye na mama yake walikatia magauni ya nusu ya mtaa, lakini siku hiyo juu yake hakukuwa na kitambaa wala mkasi. Kulikuwa na kinasa sauti cha marehemu baba yake, kile cha zamani, cha boksi la mbao, chenye magurudumu mawili ya utepe juu yake na maiki nzito ya chuma. Tangu mwenyewe afariki kilikuwa kimefunikwa shuka chini ya meza, na mama alikuwa akikipiga teke kila akipita. Bahati mbaya, eti.

Yalianzaje haya? Yalianza kwa uongo ambao haukuwa uongo. Kila akimaliza kushona, Nyundo alikuwa akivuka barabara, na akiulizwa aendako anajibu, "Najifunza ufundi." Mama akawa anameza, anameza, mpaka juzi yakamfika shingoni. Shangazi alikuwa ameleta habari za meneja wa ghala, mwanamume mwenye gari, mwenye adabu, mwenye mikono misafi, ambaye watu wake walitaka kuja kumposa Nyundo. Nyundo akasema hapana. Akaulizwa sababu. Akasema ana mtu wake, na mtu mwenyewe ni fundi wa ng'ambo.

"Kumbe ndio ufundi uliokuwa unajifunza!" mama alipayuka siku hiyo. "Fundi wa nini wewe? Wa kutazamana machoni?"

"Nilijifunza vyote viwili," Nyundo alijibu, macho makavu.

Loo! Mama aliinama chini ya meza, akalikokota lile boksi, akalivua shuka kama anayemvua mtu nguo hadharani. "Haya. Mashine ya baba yako hii. Ifanye inase sauti na iseme. Kwa mikono yako, siyo ya mtu. Ikisema kabla wageni wa shangazi yako hawajabisha hodi, nitawarudisha, na watu wa huyu fundi wako nitawapokea. Ikibaki bubu, utakaa sebuleni, utajitanda vizuri, na ukiulizwa utasema ndiyo."

"Nimekubali."

"Fikiri kwanza, mwanangu," shangazi alimwambia.

"Nimeshasema nimekubali, shangazi. Andaeni na kiapo kama mnataka."

Sasa mnaelewa kwa nini baba yake alimpa jina la Nyundo tangu hajaota meno ya pili. Jambo akilikamata hupiga hapo hapo mpaka liingie, hata kama ukuta wenyewe hauna haja ya msumari.

Basi siku ya wageni ndiyo hii, na mashine ilikuwa tumbo wazi juu ya meza. Kimya alisimama upande wa pili, karibu na dirisha, mikono mfukoni. Nyundo alikuwa amempa sharti lake mwenyewe, kali kuliko la mama. "Usinipe jibu. Nikikwama, niulize swali. Nikishinda, nataka nishinde mimi."

"Sawa," Kimya alisema. Lakini macho yake yalisema mengine, na Nyundo akajifanya anatafuta bisibisi ili asiyasome.

Mashine ilikuwa inaunguruma tu. Ukiiwasha, mota inaimba huko ndani, magurudumu hayaendi popote.

"Mota inazunguka?" Kimya aliuliza.

"Inazunguka."

"Nani anapeleka mzunguko juu?"

Nyundo aliinama, akachungulia kwa tochi. Mahali ambapo palitakiwa kuwa na mshipi wa mpira, kutoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu zito la chini, palikuwa na uji mweusi. Mpira ulikuwa umezeeka mpaka ukayeyuka. Alitia kidole, akakitoa kimepakwa lami, na kila alichokigusa baada ya hapo kikapata alama yake: kitambaa, paji la uso, sketi, mpaka kikombe cha chai. Alisugua kwa pamba na spiriti hadi chumba kizima kikanuka hospitali.

"Mpira mpya ninao," alisema kwa furaha, akaenda kwenye droo ya vifaa vya kushonea, akakata lastiki ya kiunoni, akaishona ncha kwa ncha, akaivisha. Magurudumu yakazunguka! Yakazunguka, yakasita, yakachomoka, yakasita tena, mfano wa mtu anayeshuka ngazi gizani.

Shangazi alichungulia. "Jamani! Mashine nayo imevishwa sketi!"

Nyundo alikunja uso, lakini safari hii na yeye kicheko kilimponyoka. Kimya aliangalia dirishani, mabega yakimtikisika.

"Lastiki inafanya kazi gani kwenye sketi?" Kimya aliuliza alipopata pumzi.

"Inavutika ili... Ah!" Nyundo alijipiga paji la uso na kujiongezea lami. "Na hapa sitaki kinachovutika. Nataka kinachoshika."

Alizungusha uzi kutoka kwenye mota hadi lile gurudumu zito la chini, akaukata, akaulaza juu ya futi ya kushonea, kisha akaupunguza kidogo, vile mshonaji anavyopunguza ukanda wa kiuno ili nguo isidondoke. Ndani ya kopo la mipira mizee lililotoka kibandani akachagua mmoja uliolingana na uzi wake. Akauvisha. Magurudumu yakaenda taratibu, sawasawa, bila papara.

Wakatazamana. Nyundo alitamani sana mkono wa Kimya umguse, hata begani tu, hata kwa bahati mbaya kama mateke ya mama. Mkono ukabaki mfukoni. Aliona kitambaa cha suruali kikikazika pale ngumi ilipojikunja, naye akajua kwamba hayuko peke yake.

"Endelea," Kimya alisema kwa sauti ya chini. "Jua linasogea."

Nyundo alichukua utepe mtupu kutoka sanduku la baba yake, uliokuwa haujawahi kutolewa kwenye karatasi yake. Akaupitisha kama anavyopitisha uzi kwenye cherehani: kutoka gurudumu la kushoto, katikati ya vile vichuma vidogo ambavyo mafundi huviita hedi, mpaka gurudumu la kulia. Hedi alikuwa ameshazifuta kwa pamba mpaka zinang'aa. Akabonyeza kitufe chekundu cha kunasia, akavuta maiki.

"Moja, mbili, tatu. Mimi naitwa Nyundo na siolewi na ghala."

"Haya, nimesikia!" shangazi alisema huko kwenye pasi.

Akarudisha utepe nyuma. Akabonyeza cha kusikilizia. Magurudumu yakazunguka vizuri, utepe ukapita vizuri, na mashine ikanyamaza ji! Akaongeza sauti mpaka mwisho. Hakuna. Akaipiga kofi ubavuni. Hakuna.

Huko jikoni vikombe vya wageni vilikuwa vinagongana, mama anavisuuza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nyundo alishika kingo za meza, akahisi machozi yanamjia, akayakemea yakarudi.

"Imekufa," alisema.

"Mashine isiyosema ina magonjwa mangapi?"

"Kimya, sina muda wa mafumbo!"

"Siyo fumbo. Mtu akikunyamazia, inawezekana ni nini?"

Nyundo alivuta pumzi. "Inawezekana hakunisikia. Au amenisikia, ila hawezi kujibu."

"Basi iulize."

Alirudi mwanzo, akabonyeza tena kitufe chekundu, safari hii macho kwenye kile kidirisha kidogo chenye sindano. "Siolewi na ghala," aliiambia maiki kwa uchungu. Sindano ikaruka. "Siolewi na ghala!" Sindano ikapiga ukuta wa pili.

"Inasikia!" Nyundo aliruka. "Kimya, inasikia! Siyo kiziwi, ni bubu tu! Masikio mazima, mdomo ndio..." Akainua mfuniko wa nyuma, ule aliouvuta asubuhi kwa pupa, na hapo akaona madhambi yake. Spika ilifungwa kwenye mfuniko huo, na waya wake mkavu ulikuwa umekatika pale pale alipouvuta. Ugonjwa huo mashine haikuja nao. Aliipa yeye.

"Nimeukata mimi mwenyewe," alisema.

"Kila fundi ana waya wake wa kwanza," Kimya alisema. "Mimi niliunguza redio ya mwalimu wangu."

"Ulifanya nini?"

"Nilikimbia siku nzima. Kisha nikarudi."

Nyundo alihitaji kipande cha waya na chuma cha kuchomelea, na vyote vilikuwa kibandani. Ufunguo wa kibanda ulikuwa wapi? Kwenye mfuko wa shati la Kimya, kifuani upande wa kushoto, na mikono ya mwenyewe ilikuwa kifungoni. Kimya alimtazama. Nyundo alimtazama shangazi. Shangazi alijifanya ana mkunjo mkubwa sana wa kunyoosha kwenye kitambaa cha meza.

Nyundo akasogea, akatia vidole viwili mfukoni. Alihisi ufunguo, na nyuma ya ufunguo alihisi moyo wa mtu ukienda mbio kuliko wake. Hakuutoa haraka. Ningekuwa mimi nisingeutoa kabisa.

"Huo ufunguo una kutu?" shangazi aliuliza bila kuinua kichwa.

Nyundo akauchomoa, akatoka mbio, sketi ina lami, nywele zimetimka. Kwa ile furaha hakukumbuka kuzima kitu.

Huko kibandani alichelewa. Risasi ya kuchomelea, ile inayoyeyushwa kugandisha waya, ilikuwa imejificha nyuma ya kopo la skrubu, na mteja mmoja alimng'ang'ania akidai redio yake. "Kesho kutwa!" Nyundo alimwambia, akafunga kibanda, akavuka tena barabara akihema.

Mlangoni alipishana na mama yake. Mama alikuwa anatoka chumba cha kushonea, uso chini, anajipangusa kwa upindo wa nguo.

"Mama, vipi?"

"Vitunguu," mama alisema, akaelekea jikoni. Nyundo alijua hakuna aliyekata kitunguu nyumba hiyo tangu asubuhi, ila muda wa kuuliza hakuwa nao.

Shangazi alikuwa amekwenda kujikwatua kwa ajili ya wageni. Kimya alikuwa peke yake, pale pale dirishani, mikono mfukoni, uso umemshuka. Na juu ya meza magurudumu yalikuwa bado yanazunguka, kitufe chekundu kimebonyea.

"Ah, niliisahau!" Nyundo akaizima. "Na wewe unaiangalia tu?"

"Nimekatazwa kuigusa."

Kweli. Nyundo akachomeka chuma, akasubiri kipate moto, akaushika waya mpya. Chozi la risasi likaanguka pembeni. La pili likashika. Alivuta waya taratibu, haukutoka. Akarudisha utepe mpaka mwanzo kabisa, kisha akajifuta mikono, akafungua kinywa kuita, "Mama! Shangazi!"

"Usiwaite," Kimya alisema.

"Nini?"

"Usiwaite kwanza. Ufute huo utepe. Anza upya, nasa kitu kingine juu yake, halafu ndio uwaite."

"Nianze upya? Gari la watu linaweza kusimama hapo nje sasa hivi!"

"Najua. Nakuomba."

"Kwa nini?"

Kimya akanyamaza. Na kwa mara ya kwanza tangu amjue, ukimya ule haukumpendeza Nyundo hata chembe. Alimkumbuka mama akijipangusa mlangoni. Akaunganisha moja na moja, na jawabu likamchoma.

"Mama alikuwa humu ndani. Alikwambia nini?"

"Nyundo..."

"Alikwambia nini? Amekuahidi nini? Maana nilipotoka ulikuwa upande wangu, nimerudi unanichelewesha! Uko upande gani wewe?"

"Wako."

"Basi nitazame uniambie aliyoyasema."

Kimya aliinamisha macho. "Hayo ya kwake. Siyo yangu kuyasema."

Damu ilimchemka Nyundo mpaka masikioni. Mwanamume aliyemgombania na nyumba nzima, leo anamfichia siri ya mama yake mwenyewe! Uchungu ukawa hasira, na hasira ya Nyundo haijawahi kukaa bila kazi.

"Sawa. Kaeni na siri zenu. Mimi na hii mashine tuna miadi." Akapaza sauti. "Mamaaa! Shangazi! Njooni msikie wenyewe!"

Mama akaja, kitambaa cha vyombo mkononi. Shangazi akaja, amejipodoa shavu moja, la pili linangoja. Wakasimama mlangoni. Nyundo hakumtazama Kimya. Akabonyeza.

Kwanza ulikuja mchakacho. Halafu sauti nzito, ya usingizini, ikajivuta, ikajikunjua, ikakaa sawa.

"...olewi na ghala. Siolewi na ghala!"

"Ehee!" Nyundo alirusha ngumi juu. "Mmesikia? Mmesikia au hamkusikia?"

"Tumesikia," shangazi alisema kwa unyonge. "Na meneja wa watu kakukosea nini, mpaka umwite ghala?"

Mashine ikaendelea. Inasikia, siyo kiziwi, masikio mazima. Waya uliokatika. Redio ya mwalimu. Ufunguo wenye kutu. Mbio za Nyundo kutoka nje, na nyayo za shangazi zikielekea chumbani. Kisha mlango, na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Kijana."

Mama aliyekuwa mlangoni alishika kifua.

"Zima, Nyundo," Kimya alisema. Mkono wake mmoja ulichomoka nusu mfukoni, ukakumbuka, ukarudi.

Nyundo hakuzima.

"Kijana, nakuomba kitu kimoja," mashine ilisema kwa sauti ya mama. "Mwambie imekufa. Wewe atakuamini. Neno moja tu la uongo, na sitakuomba kingine maisha yangu yote."

"Mama, samahani, hiyo mashine..." sauti ya Kimya ilianza.

"Nikizungumza unyamaze!"

Shangazi alijiziba mdomo kwa mkono, poda ikamhamia kiganjani.

"Sitaweza, mama," Kimya wa kwenye utepe alisema.

"Kwa sababu unampenda?"

"Nampenda. Lakini hata nisingempenda. Amekuja kwangu kujifunza. Siwezi kumwambia kilicho hai kimekufa."

Nyundo alimgeukia mama yake, na maneno yalikuwa yamempanda kooni, makali. "Mama! Ulitaka anidanganye? Wewe uliyeweka sharti, wewe mwenyewe?" Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kuzimia.

"Usizime," mama alisema.

"Unataka nini tena?"

"Nimesema usizime!"

Utepe ulinguruma kidogo. Kisha sauti ya mama ikarudi, imepungua ukali.

"Nimeishi na mtu wa aina yako. Aliibeba mashine hiyo arusi kwa arusi. Aliwanasa maharusi, aliwanasa wazee, aliwanasa watoto wa watu wasioelewana na baba zao. Mimi nilikuwa naimba jikoni kila asubuhi. Kila asubuhi, kijana! Hakuwahi hata siku moja kusema, mke wangu, njoo nawe usemee hapa. Nyumba ilijaa sauti za watu, yangu haimo. Sasa mwanangu naye akaishi hivyo? Huoni nina haki ya kuogopa?"

"Una haki, mama."

"Basi niahidi kitu."

Utepe ukanguruma muda mrefu.

"Sijui kuahidi vizuri," sauti ya Kimya ilisema. "Ninachojua, yeye akisema, mimi huacha kazi nikasikiliza. Wateja wanalalamika. Ndio hivyo tu, mama. Sina kingine."

Mlango ukasikika. Kisha mchakacho, kisha, "Ah, niliisahau!" Nyundo akabonyeza, magurudumu yakasimama.

Shangazi alijipangusa poda kiganjani.

Nyundo ndiye wa kwanza kumgeukia Kimya. "Ulijua imenasa yote."

"Nilijua."

"Na ungeniacha nikuchukie?"

"Kidogo tu. Mpaka jioni." Alimtupia mama jicho. "Sikutaka aaibike mbele yako."

Nyundo aling'ata mdomo asilie, akalia. Mpumbavu huyu! Alikuwa tayari kukosa kila kitu ili mama wa mtu, mama asiyemtaka, asiinamishe uso nyumbani kwake. Ampende nani mwingine kama siyo huyu?

Lakini mama alikuwa hajainamisha uso. Alikuwa anaitazama mashine.

"Yule ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

"Sauti yangu iko hivyo? Nzito vile?"

"Iko hivyo hivyo, wifi," shangazi alisema. "Sisi ndio tunaisikia kila siku."

Mama akasogea mezani, akaweka kiganja juu ya lile boksi alilolipiga mateke miaka yote. "Rudisha. Pale pa jikoni."

Nyundo akarudisha. Mama akajisikiliza tena akisema kwamba aliimba kila asubuhi. Machozi yalimtiririka wazi wazi, na safari hii hakusingizia vitunguu. Ilipokwisha alijipangusa kwa kitambaa cha vyombo, akanyoosha mgongo, akawa mama tena.

"Haya. Nimeshindwa," alisema. "Na nimeshindwa kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mashahidi. Nilifanya vibaya, Nyundo. Nilitaka kukuchezea rafu."

"Ulitaka, mama. Imeniuma."

"Najua. Ikikutoka niambie, isipokutoka pia niambie. Ila ningekuwa na binti anayesikia la mtu, sijui ningemwelewa vipi." Akamgeukia Kimya, akamkagua kuanzia viatu mpaka kichwani. "Na wewe, toa mikono mfukoni, unaonekana kama mwizi sokoni. Watu wako waje wiki ijayo. Waje mchana, nisiwashe taa bure."

Kimya alitoa mikono. Ilikuwa imelala ganzi, akawa hajui pa kuiweka. Nyundo alijua. Aliushika wa kulia, mbele ya kila mtu, kwa vidole vyenye lami, na lami ikawagundisha.

Nje, gari likasimama. Milango ikafungwa, mmoja, mwingine, mwingine. Kisha hodi.

"Wifi!" Shangazi alishika shavu lisilo na poda. "Wageni! Tutawaambia nini?"

"Uliwaita wewe, waage wewe. Wape chai, isiharibike. Waambie binti kachumbiwa." Mama alivuta kiti cha kushonea, akaketi, akaivuta maiki karibu na mdomo. "Nyundo, kile chekundu ndicho kinachonasa?"

"Ndicho, mama. Lakini wageni..."

"Nimengoja zaidi yao. Bonyeza."

Hodi ikapigwa tena, kwa nguvu. Nyundo akabonyeza. Magurudumu yakaanza safari yake, taratibu, sawasawa.

"Na mlango huo ufunge polepole, wifi," mama alisema. "Nanaswa."

Alikohoa kidogo, akaweka sawa kitambaa cha kichwani, akafumba macho, akaimba ule wimbo wa jikoni. Sindano ikaruka. Nyundo alipunguza sauti ya maiki kidogo kwa mkono mmoja, kama alivyofundishwa, na mkono wa pili akauacha pale ulipokuwa, ndani ya mkono wa Kimya.